Ukano Unaonyoosha Kidole: Askari Aujue Kabla ya Jeraha

Askari anapokabidhiwa bunduki kwa mara ya kwanza, miongoni mwa mambo ya awali anayofundishwa ni mahali pa kukiweka kidole chake cha shahada. Kidole hicho hakina ruhusa ya kuigusa triga mpaka wakati wa kufyatua uwadie. Hadi hapo sharti kilale kimenyooka ubavuni mwa silaha. Wengi wetu hudhani kwamba nguvu ya kidole imo katika kuvuta. Lakini kinachokiweka kidole mbali na triga, na kinachokiondoa hapo baada ya risasi kutoka, ni nguvu ya kunyoosha. Nguvu hiyo hupita katika utepe mwembamba ulio chini ya ngozi ya mgongo wa mkono. Utepe huo ukikatika, kidole hubaki kimeinama, na mwenyewe hana amri nacho tena.

Utepe huo ndio uitwao ukano, nazo zikiwa nyingi huitwa kano. Katika makala haya twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na wa polisi jinsi kano zinazonyoosha vidole zilivyopangwa, jinsi zinavyokatika, na jinsi madaktari wanavyozishona. Tumelichagua jambo hili kwa sababu kazi ya askari ni kazi ya mikono. Mikono hiyo hukutana na panga, seng'enge, vioo vilivyovunjika, milango ya magari na meno ya wakorofi. Mtu anayejikinga asipigwe usoni huinua mkono, na mara nyingi mgongo wa mkono ndio unaopokea pigo.

Mshipa ni upi?

Kwanza hatuna budi kuondoa utata wa jina. Mtu akijikata mkono, wenzake husema, "Amekatika mshipa." Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku neno mshipa hubeba vitu vitatu. Kuna mshipa wa damu, ambao ukikatwa hutoa damu nyingi. Kuna neva, ambayo hupeleka habari za maumivu na kugusa, na kuleta amri kutoka ubongoni. Kisha kuna ukano, ambao ni kamba ngumu yenye rangi nyeupe inayong'aa, inayounganisha msuli na mfupa. Ukano hautoi damu nyingi ukikatwa. Kwa hiyo damu ikishakoma, majeruhi na wenzake huona kwamba hatari imepita, ngozi hushonwa, na ukano huachwa ukiwa vipande viwili.

Utata huu si wetu peke yetu. Wayunani wa kale nao walikuwa na neno moja lililotumika kwa neva na kwa ukano pia. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya, kwa jinsi walivyoyaelewa maandishi ya tabibu Galen, waliogopa kuutia ukano sindano, wakiamini kuwa mgonjwa angepatwa na degedege na kufa. Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, alishauri kano zilizokatika zishonwe. Hata hivyo woga ulidumu Ulaya mpaka karne ya 18, wakati Albrecht von Haller alipoonyesha kwa majaribio kwamba ukano hauna hisia kama za neva. Watu wangapi waliishi na vidole vilivyopooza kwa sababu tu ya vitu viwili kuitwa jina moja!

Kamba zinazoanzia mbali

Ndugu msomaji, weka mkono wako wa kushoto juu ya meza, kiganja kikitazama chini. Weka vidole vya mkono wa kulia juu ya kigasha cha kushoto, karibu na kisugudi, kisha inua vidole vya kushoto kimoja kimoja. Utaisikia misuli ikicheza chini ya ngozi. Vidole vyenyewe havina msuli wa kuviinua ndani yake. Misuli hiyo imo kwenye kigasha, na mkubwa wao huanzia kwenye mfupa ulio upande wa nje wa kisugudi. Kutoka hapo misuli hugeuka kuwa kano, na kano hushuka mpaka vidoleni kama kamba za mtu anayeendesha mambo akiwa mbali.

Zifikapo kwenye kifundo cha mkono, kano hizo hupita chini ya mkanda mpana unaozizuia zisiruke juu. Chini ya mkanda huo mna vijia sita, na kila kijia kina kano zake. Kijia cha tatu ni cha ukano mmoja tu, ule mrefu wa kidole gumba, ambao huzunguka kinundu kidogo cha mfupa na kubadili mwelekeo kabla ya kukiendea kidole. Kijia cha nne ndicho chenye msongamano: humo hupita kano za vidole vinne pamoja na ukano wa ziada wa kidole cha shahada. Kidole kidogo nacho kina ukano wake wa pekee katika kijia cha tano. Ndiyo maana mtu aweza kufumba ngumi na kunyoosha kidole cha shahada peke yake, au kidole kidogo peke yake. Akijaribu hivyo kwa kidole cha pete, atashindwa.

Juu ya mgongo wa mkono kano zimeunganishwa na vitepe vinavyokwenda kutoka moja hadi jirani yake. Zifikapo juu ya kidole hutandaa na kuwa nyembamba sana. Kwenye pingili ya kwanza ukano hugawanyika sehemu tatu. Sehemu ya katikati hushika mwanzo wa pingili ya kati. Sehemu mbili za pembeni huungana na kano za misuli midogo ya kiganjani, hupita kando ya kiungo cha kati, kisha hukutana tena na kushika mwanzo wa pingili ya ncha. Mpango huu ni kama mizani. Uzi mmoja ukilegea, mwingine huvuta kupita kiasi, na kidole hupinda.

Ili kusemezana kwa urahisi, madaktari wameugawa mgongo wa mkono katika kanda nane, wakihesabu kutoka ncha ya kidole kuelekea kwenye kigasha. Kanda zenye namba witiri, yaani 1, 3, 5 na 7, ziko juu ya viungo. Zenye namba shufwa, 2, 4, 6 na 8, ziko juu ya mifupa iliyo baina yake. Kidole gumba kina hesabu yake. Kila ukanda una tabia yake, na tutaeleza ile inayowahusu askari zaidi.

Ncha iliyoinama

Ukanda wa kwanza ni kiungo cha mwisho, karibu na ukucha. Hapa ukano waweza kung'oka bila hata jeraha la nje. Mpira unapogonga ncha ya kidole kilichonyooka, ncha huinamishwa kwa ghafla na ukano hukatika, au hung'oa kipande kidogo cha mfupa. Hata askari anayechomeka blanketi chini ya godoro kwa nguvu, ili kitanda chake kipite ukaguzi wa asubuhi, aweza kupatwa na jambo hili. Ncha ya kidole huinama na haiinuki kwa amri yake, ingawa ukiiinua kwa mkono mwingine inakubali.

Jeraha hili hudharauliwa, na kumbe tiba yake mara nyingi haihitaji kisu. Hufungwa banzi dogo linaloshika kiungo cha mwisho peke yake kikiwa kimenyooka kabisa, usiku na mchana, kwa wiki sita hadi nane. Kiungo cha kati huachwa huru. Sharti kubwa ni kwamba katika muda wote huo ncha isiinamishwe hata mara moja. Mgonjwa akilifungua banzi ili aoge na ncha ikaanguka, hesabu ya wiki huanza upya. Hapa milimita zina thamani: ukano ukipona ukiwa umerefuka kwa milimita moja tu, ncha yaweza kubaki imeinama takriban nyuzi 25. Lakini kipande kikubwa cha mfupa kikiwa kimeng'oka na kiungo kikahama mahali pake, huenda mpasuaji akahitajika.

Tundu la kifungo

Ukanda wa tatu ni kiungo cha kati cha kidole. Ile sehemu ya katikati ya ukano ikikatika hapo, siku za mwanzo kidole chaweza kuonekana kizima, kwa sababu sehemu mbili za pembeni bado hukinyoosha. Kisha, katika wiki mbili au tatu, sehemu hizo za pembeni huteleza kuelekea chini. Kiungo huchomoza katikati yake kama kifungo kinavyochomoza katika tundu la shati, na Wafaransa wameupa ulemavu huu jina la tundu hilo. Sasa kile kilichokuwa kikinyoosha kiungo cha kati hukikunja, na ncha ya kidole huinuka juu.

Kwa kuwa hali hii hujificha mwanzoni, daktari Elson wa Uingereza alieleza mwaka 1986 kipimo chepesi. Kidole hukunjwa kwenye ukingo wa meza mpaka kiungo cha kati kifanye pembe mraba, kisha mgonjwa huambiwa akinyooshe huku mpimaji akizuia pingili ya kati. Ukano wa katikati ukiwa mzima, mpimaji huisikia pingili ya kati ikisukuma, na ncha hubaki imelegea. Ukiwa umekatika, pingili ya kati haina nguvu na badala yake ncha hukakamaa. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote, na mhudumu wa zahanati ya kambini aweza kukitumia.

Jino katika ngumi

Ukanda wa tano ni vifundo vinavyochomoza tunapofumba ngumi. Jeraha la hapa ambalo polisi hawana budi kulijua ni lile linalotokana na ngumi iliyogonga meno. Huwa kidonda kidogo, pengine hakizidi urefu wa punje ya mchele, na mwenyewe huona haya kueleza kilivyopatikana. Hebu tufikiri lililotokea. Mkono ulipokuwa umefumbwa, jino lilipita katika ngozi, likapita katika ukano, likaingia kwenye kiungo. Mkono ulipofunguliwa, ukano uliteleza kurudi nyuma ukiwa umebeba vijidudu vya kinywani, na matundu hayo matatu hayakukaa tena mahali pamoja. Uchafu umefungiwa ndani kama mwizi aliyefungiwa ghalani.

Kidonda cha namna hii kisishonwe hata kidogo siku hiyo. Kinahitaji daktari akipanue, akioshe mpaka ndani ya kiungo, akiache wazi, na kutoa dawa za kuua vijidudu. Anayengoja mpaka mkono uvimbe aweza kupoteza kiungo, na pengine kidole chenyewe. Ni heri kumwambia daktari ukweli wa ngumi kuliko kuificha aibu na kupoteza mkono.

Jirani afichaye ajali

Ukanda wa sita ni mgongo wa mkono wenyewe. Tuchukue mfano wa konstebo aliyekwenda kuamua ugomvi akakatwa panga hapo. Jeraha ni la sentimita tatu. Katika zahanati anaambiwa anyooshe vidole, na vyote vinne vinanyooka. Ngozi inashonwa, anarudi kazini. Baada ya wiki kadhaa anaona kidole cha kati hakiinuki kama wenzake, na kila siku kinazidi kulegea. Kosa lilitokea wapi?

Tulisema kwamba kano za mgongo wa mkono zimeunganishwa na vitepe. Ukano mmoja ukikatwa nyuma ya kitepe, jirani hukivuta kidole chenye ajali kikainuka pamoja naye. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nasi twaongeza kwamba ushirikiano wa vidole waweza kumdanganya mpimaji. Tena ukano uliokatwa zaidi ya nusu, lakini haujaachana kabisa, bado waweza kuinua kidole, ingawa kwa maumivu na udhaifu. Kwa hiyo kila kidole kipimwe peke yake, mpimaji akikizuia kidogo kwa kidole chake, na jeraha litazamwe kwa ndani katika mwanga wa kutosha huku mgonjwa akikunja na kunyoosha mkono. Jeraha lolote la mgongo wa mkono lihesabiwe kuwa limekata ukano mpaka ithibitike vinginevyo.

Wapiga ngoma wa Prussia

Yapo pia majeraha yasiyo na kisu. Katika karne ya 19 madaktari wa jeshi la Prussia waliona wapiga ngoma wa kijeshi wakishindwa kuinua kidole gumba. Walidhani ni kupooza. Kumbe ule ukano mrefu wa kidole gumba, unaozunguka kinundu cha mfupa katika kijia cha tatu, ulikuwa umesuguliwa na kazi ya kupiga ngoma saa nyingi mpaka ukakatika. Siku hizi jambo hilo hilo huonekana kwa mtu aliyevunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono, hata kama mfupa haukuhama. Wiki kadhaa baadaye, kidole gumba huanguka ghafla.

Ukano uliosagika namna hii haushoneki, kwa maana ncha zake zimechakaa. Daktari hutumia hekima nyingine. Huuchukua ule ukano wa ziada wa kidole cha shahada, huupitisha chini ya ngozi na kuuunga na ukano wa kidole gumba. Kidole cha shahada hubaki na ukano wake wa kwanza na huendelea kunyooka. Mgonjwa hufundishwa amri mpya, na baada ya mazoezi kidole gumba huinuka.

Namna ya kushona

Ukano uliokatwa kwa kitu chenye makali hushonwa vizuri zaidi ukiwahiwa. Haina maana kwamba lazima iwe usiku ule ule. Ikiwa zahanati haina mtaalamu, yatosha kuliosha jeraha, kuifunga ngozi, kuutia mkono banzi na kumpeleka majeruhi kwa mpasuaji katika siku chache. Zikipita wiki mbili au zaidi, msuli huanza kujivuta, ncha za ukano huachana na kushikamana na nyama, na kazi iliyokuwa nyepesi hugeuka kuwa ya kupandikiza.

Mpasuaji huosha, hupanua jeraha inapohitajika, huzitafuta ncha mbili na kuzikutanisha bila kuzibana wala kuzifupisha. Kwenye kigasha na mgongo wa mkono ukano ni mnene na hukubali uzi wa kupita ndani yake. Kwenye kidole ni bapa na mwembamba, nao hushonwa kwa mishono ya kupishana juu yake. Ukifupishwa, kidole hakitakunjika, ukilegea, hakitanyooka.

Zamani mgonjwa alilazwa kwa dawa ya usingizi. Leo madaktari wengi hutumia ganzi iliyochanganywa na adrenalini, njia iliyoenezwa sana na Donald Lalonde wa Kanada. Adrenalini huzuia damu, na mgonjwa huwa macho. Kabla ya kufunga ngozi, mpasuaji humwambia anyooshe kidole, na wote wawili huona kama mshono umeshika.

Maarifa ya mkono yamekuzwa sana na vita. Mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilimkabidhi mpasuaji Sterling Bunnell kazi ya kusimamia tiba ya askari walioumia mikono, na vituo maalumu vikaanzishwa. Hapa Uganda, pamoja na Hospitali ya Mulago mjini Kampala, ipo Hospitali ya CoRSU huko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, inayoshughulikia upasuaji wa mifupa na wa kurekebisha maungo.

Wiki kumi na mbili

Kushona ni nusu ya tiba. Ukano hupona polepole, na katika wiki za mwanzo mshono ni dhaifu. Mkono ukiachwa huru mapema, uzi hukatika. Ukifungwa muda mrefu bila kujongea, ukano hushikamana na ngozi na mfupa. Desturi ya zamani ni kukiweka kifundo cha mkono kimeinuka nyuma kwa takriban nyuzi 30 kwa wiki nne hivi. Njia mpya, ambayo Julianne Howell, Wyndell Merritt na wenzao waliieleza mwaka 2005, ni kutumia banzi linaloshika kidole kilichoshonwa juu kidogo kuliko wenzake, kwa nyuzi 15 hadi 20. Katika hali hiyo ukano wake hulegea huku vidole vingine vikifanya kazi, na mgonjwa aweza kukunja na kunyoosha mapema. Njia hii ni ya majeraha ya mgongo wa mkono na jirani zake. Haifai kwa kila ukanda.

Kwa kawaida kazi nzito, kama kubeba mizigo, kupanda kamba au kushika silaha kwa nguvu, hungoja takriban wiki kumi na mbili. Tunawaomba maafande walizingatie hilo. Askari aliyeandikiwa kazi nyepesi si mvivu. Kumrudisha kwenye zoezi wiki ya nne ni kuikata tena kazi ya mpasuaji, na mara ya pili haiwi nzuri kama ya kwanza.

Ukiumia leo

Utakapoumia mgongo wa mkono, vua pete na saa kabla ya uvimbe. Bana jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono juu ya moyo. Usitie majivu, udongo wala petroli, wala usichokore ndani. Fungia mkono juu ya kibao chepesi, kifundo kikiwa kimeinuka kidogo na vidole vimenyooka. Kumbuka saa ya kuumia na kitu kilichokukata. Ukifika kwa mganga, omba chanjo ya pepopunda ikiwa muda wake umepita, tena mwombe akipime kila kidole peke yake. Usiondoke kabla hajafanya hivyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ukano ni mdogo, huzibwa kwa uzi mwembamba katika siku chache za mwanzo. Ukiachwa, ukuta wake ni upasuaji mkubwa na miezi ya mazoezi, na askari aliyekuwa na mikono miwili atarudi kambini akiwa na mmoja na nusu. Kabla hujaiweka karatasi hii chini, nyoosha vidole vyako juu ya meza na uinue kimoja kimoja. Ukijua leo jinsi kila kimoja kinavyoinuka kikiwa kizima, utajua siku ambayo kimoja kimekataa.